Memori ya Kompyuta ya Mama Mugeta

Siku moja ya ujana wangu, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa kwenye kibanda changu pale Nyasura, Bunda, nimeinamia mashine ya fotokopi iliyokuwa imemeza karatasi, simu ikaita. Mpigaji alikuwa Mama Mugeta wa Butiama. Hakunisalimu. Akaniuliza, "Rebeka, memori ya kompyuta yetu umeipeleka wapi?"

Acha nikueleze kwanza tulikuwa watu wa namna gani, ndipo utaelewa kwa nini swali lile lilinichoma.

Mimi nilikuwa nimesoma ufundi wa kompyuta Musoma, nikarudi Bunda kwa shangazi yangu Nyabise. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Alinipa chumba cha nyumba yake kinachotazama barabara, nikafanya kibanda: fotokopi, kuchapa barua, na kutengeneza kompyuta. Siku hizo mwanamke akishika bisibisi watu walikuwaga wanamtazama mara mbili. Wengine walileta mashine zao, wakiniona mimi ndiye fundi, wakaaga kwa heshima wakaondoka nazo. Kwa hiyo kila aliyeniachia mashine yake nilimhesabu kama mtu aliyenipa dhamana kubwa.

Mama Mugeta alikuwa mmoja wao. Alisimamia kituo kidogo cha ushonaji huko Butiama. Wasichana walijifunza kukata nguo, kudarizi vitambaa, na kushona mito na magodoro ya pamba. Kituo kilikuwa na kompyuta moja ya mezani, na wakati ule walikuwa wanatafuta mwalimu wa kuwafundisha wale wasichana kuitumia. Mama Mugeta alikuwa ameshaniambia kwamba jina langu ndilo lililo mbele ya wazee wa kamati ya kituo. Nililitaka lile darasa, mwanangu. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Sasa, kompyuta yao ilikuwa imeanza uzito. Unaiwasha, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inafikiri. Wakaniletea kwa pikipiki. Mimi nikafanya kama tulivyozoea mafundi: nikahamisha kazi zao zote pembeni, nikafuta kila kitu, nikapiga windo upya, yaani nikaiwekea tena ile programu kuu inayoiendesha. Nikarudisha kazi zao, nikaiwasha, ikaitika vizuri. Nikaizima, nikaifunga kwenye blanketi, nikairudisha Butiama kwa pikipiki ileile nikiwa na moyo mweupe.

Kumbe ilipofika kule ikawa mbaya kuliko mwanzo. Inawaka, inakwenda kidogo, halafu inaganda. Kishale hakisogei, kibodi haiitiki, mpaka uchomoe waya ukutani. Mama Mugeta alikuwa na mtoto wa dada yake, kijana anaitwa Elikana, mkazi wa Buhare, naye alikuwa anasomea kompyuta. Alipokwenda kumsalimia mama yake mdogo akaombwa aitazame. Akaangalia, akaona memori inayosomeka ni nusu ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha boksi. Elikana hakusema nimeiba. Alisema alichokiona, basi. Lakini waliomsikia wakakamilisha wenyewe.

Ndiyo maana Mama Mugeta aliniuliza vile. Nilimjibu kwamba boksi la kompyuta yake sikulifungua kabisa, kwa kuwa kupiga windo hakuhitaji kulifungua. Akasema, "Haya, tumesikia," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini, akakata simu.

Unajua maneno yanavyosafiri kwenye barabara ile. Yalipita Kiabakari yakafika Bunda kabla wiki haijaisha. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameniachia kompyuta mpakato alikuja kuichukua kabla sijaigusa, akisema amebadilisha mawazo, huku macho yake yanatazama chini. Hapo nikaelewa kwamba nimeshakuwa mwizi.

Jioni nilimweleza shangazi. Nilisema mengi. Nilisema sitakanyaga Butiama tena maisha yangu, kwamba walio na shaka wanipeleke polisi, kwamba nitakula kiapo mbele ya mchungaji. Shangazi alikuwa anachambua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili ya mboga. Aliniacha mpaka nikaishiwa, kisha akaniuliza kama ile kompyuta inafanya kazi.

Nikamwambia haifanyi, ndiyo kwanza inaganda.

"Basi mgonjwa bado anaumwa," akasema. "Wodini, mgonjwa uliyemruhusu akirudi na homa, huanzi kumweleza kwamba dawa ulimpa. Unampima tena. Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake tukapanda basi, tukashuka Kiabakari, tukachukua pikipiki mpaka Butiama, mimi na begi langu la vifaa na shangazi na mkoba wake. Mama Mugeta alitupokea kwa adabu, lakini chai haikutolewa. Wasichana waliinamia vitambaa vyao tulipoingia. Elikana alikuwepo bado, naye nikamwona hana raha.

Shangazi alimwamkia Mama Mugeta vizuri, akamwomba kwamba kazi ifanyike palepale mbele ya kila mtu, na Elikana akae karibu nami aone kila ninachokigusa. Mama Mugeta akakubali. Tukaichomoa kompyuta kutoka chini ya meza, tukaiweka juu, nikafungua parafujo za ubavuni.

Kwenye ubao mkuu wa ndani kulikuwa na vipande viwili vya memori, vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Ila kimoja kilikuwa kimeinuka upande mmoja, hakijakaa sawa kwenye mfereji wake. Barabara ya vumbi na mashimo, pikipiki, blanketi: kilikuwa kimechomoka njiani. Nilimwomba Elikana akitoe yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nikafuta meno ya kile kipande kwa raba ya penseli, kama tulivyofundishwa, nikamrudishia akakisukuma mpaka kikalia. Tukawasha. Memori ikasomeka yote.

Elikana akamgeukia mama yake mdogo, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hakuna kilichoibiwa, na kwamba yeye alipaswa kufungua boksi kwanza kabla ya kusema. Wasichana wakaanza kunong'ona. Mama Mugeta akashika mdomo.

Mwanangu, sijui nikwambieje furaha niliyoipata. Ilikuwa furaha yenye ukali ndani yake. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Nilitaka kutoka pale nikiwa nimenyanyua kichwa, nisinywe hata maji yao, niwaache na aibu yao. Nikafunga begi.

Na nyuma yangu kompyuta ikaganda.

Niliiona kwa pembe ya jicho, kishale kimesimama katikati ya skrini. Nikajifanya sijaona. Nikamwambia shangazi twende, usafiri utatupita. Shangazi hakuinuka kwenye kiti. Akaniambia, taratibu, ila kila mtu alisikia:

"Rebeka, ulikuja kujisafisha au ulikuja kutibu? Kama ni kujisafisha, umeshasafika, twende. Lakini darasa ulilokuwa unalililia si la watu waliosafika. Ni la watu wanaomaliza kazi."

Nilisimama pale na begi mkononi, uso unawaka. Halafu nikaliweka begi chini, nikalifungua tena.

Safari hii sikukimbilia kubadilisha kitu. Nilikaa nikauliza, jambo ambalo sikulifanya tangu mwanzo. Nikawauliza wasichana wanaoitumia, inaganda saa ngapi. Mmoja akasema asubuhi ikiwashwa mara ya kwanza inakwendaga vizuri. Mwingine akasema ikishachemka tu, na ukiizima ikapumzika, inapona kwa muda. Nikauliza inakaaga wapi. Wakanionyesha: chini ya meza, pembeni ya gunia la pamba ya kujazia mito. Na kwa kuwa waliithamini, walikuwa wameishonea kitambaa kizuri cha kudarizi, maua mekundu na majani, wanaifunika ili vumbi lisiingie. Waliifunika hata ikiwa inafanya kazi.

Nikaweka kiganja karibu na feni ya ndani. Joto lilikuwa kama la pasi. Feni ilikuwa inazunguka kwa kujikokota, na chini yake, kati ya yale mabati membamba yanayopooza prosesa, ule ubongo wa mashine, pamba ilikuwa imejaa na kushindiliwa mpaka hewa haina pa kupita. Ndiyo iliyokuwa inaleta uzito tangu mwanzo. Mashine ikichemka hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na ikizidiwa inaganda. Ningepiga windo kila siku ya mwaka, ile pamba ingebaki palepale.

Tukaichomoa umeme. Elikana akaishika feni isizunguke, mimi nikachambua pamba kwa brashi na kibanio, mama mmoja wa jirani akaleta pampu ya baiskeli tukapuliza kilichobaki. Ilitoka pamba ya kutosha kujaza mto wa mtoto, na wasichana wakacheka, nami nikacheka nao. Tukaihamishia mezani dirishani, mbali na magunia, kitambaa tukakiweka kwenye skrini, nacho kitolewe kabla ya kuwasha.

Baada ya hapo sikuondoka. Niliiacha inafanya kazi, tukakaa. Nikaangalia diski kama ina ugonjwa, haikuwa nao. Nikaangalia kama kuna kifaa ambacho windo jipya halijakitambua, nikakuta cha picha, nikakiwekea draiva yake, programu ndogo ya kukiendesha. Mama Mugeta akaleta chai, kisha ugali wa muhogo na sato. Wasichana wakachapa majina yao kwa zamu. Mpaka jua linapungua, kompyuta haikuganda.

Tulipokuwa tunaaga, Mama Mugeta alinishika mikono yote miwili. Hakuzunguka. "Nilikuhukumu kabla sijakuona," akasema. "Nisamehe." Nikamsamehe, na ilikuwa kweli, kwa sababu ile hasira niliyotaka kuondoka nayo ilikuwa imeishia kwenye kazi. Darasa walinipa. Nilifundisha pale miaka mingi, na Elikana akawa mtu tunayeulizana kazi ngumu hadi leo.

Sasa nawe, mwanangu, umeanza kushika vitu vya watu, viwe kompyuta, viwe cherehani, iwe miili ya wagonjwa. Nakuomba sikia haya ya mama yako.

Kabla hujafuta na kuanza upya, muulize mwenye kitu kinaumwaje na kinakaa wapi. Wepesi wa kupiga windo unadanganya. Unaondoa yaliyo juu na ugonjwa unabaki chini. Gusa jambo moja, tazama, ndipo uguse jingine, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi. Na kitu kikiwaka vizuri mbele yako, kaa nacho. Kiache kichemke. Usiseme kimepona wakati umekiona kwa dakika moja tu.

Wakikushuku, usikimbilie viapo. Fungua boksi mbele yao, na yule aliyekusema mkaribishe ashike mwenyewe. Lakini zaidi ya yote, jina lako likisharudi, usidhani kazi imekwisha. Tazama nyuma uone kama kile kitu bado kimeganda. Watu wengi wenye haki wameondoka wakiwa na haki yao, na mgonjwa wakamwacha kitandani.

Mungu akupe mikono mitulivu na sikio lisilo na haraka. Akupe mtu wa kukuambia kaa, siku utakapotaka kuondoka kwa hasira. Na kila mlango utakaoitwa, uingie ukiwa unaaminika, utoke ukiwa unapendwa. Amina.