Sura Kumi Nilizoziruka

Mwanangu, umeniuliza ni waandishi gani wa hadithi za upelelezi ninaowapenda kuliko wote, na naona umeshika kalamu ukingoja majina. Nitakuandikia, usiwe na haraka. Lakini kuna mchana mmoja haujanitoka kichwani mpaka leo, na nisipokusimulia huo kwanza, majina hayatakusaidia kitu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja hapa Kisumu, msichana wa kujiona ninajua kila kitu. Katika wodi ya wanawake alilazwa Mwalimu Truphena, mwalimu mstaafu kutoka Ahero, aliyekuja na nguo chache na mfuko mzima wa riwaya za upelelezi. Ugonjwa ulikuwa umemdhoofisha macho, herufi zikawa zinamchezea. Basi kila siku baada ya dawa za mchana, kabla wageni hawajaruhusiwa kuingia, nilimsomea sura moja. Sista wa zamu alijifanya haoni, Mungu ambariki.

Mwalimu alikuwa na waandishi wake watatu, na pale wodini tuliwapa majina yetu wenyewe. Wa kwanza tulimwita Bwana Mvua, kwa sababu kila kitabu chake kilianza na mvua, na mvua ikikatika ujue maiti imeonekana. Wa pili alikuwa mwanamke, Mama Sufuria: wapelelezi wake hawamhoji mtu kabla hawajala, na mtu akisifiwa mchuzi wake, huyo ndiye wa kushukiwa. Wa tatu tulimwita Muungwana, na ndiye Mwalimu aliyempenda zaidi. "Huyu hanidanganyi," alikuwa akisema. "Kila kitu ameweka mezani. Nikishindwa, nimeshindwa mwenyewe." Kwa kumsomea yeye nikawapenda wote watatu, na nawapenda hadi leo.

Sura ikiisha, kila mgonjwa alimtaja anayemshuku. Mama mmoja wa Nyalenda, aliyevunjika mguu, hakubadilisha jibu hata siku moja. "Ni bwana yake," alisema kabla sijafunga kitabu. Tukimwambia marehemu hakuwa ameolewa, anasema, "Basi alikuwa anatafuta."

Tulikuwa tumemaliza sura ya nane ya kitabu cha Muungwana, kati ya sura kumi na tisa, nilipomsikia daktari akizungumza na binti ya Mwalimu kwenye korido. Wiki moja, alisema, na pengine isiishe. Binti akamsihi daktari kwamba mama yake asiambiwe, nami nikaapa moyoni kunyamaza. Lakini nilipiga hesabu palepale: sura moja kwa siku, hatutafika.

Kesho yake mchana nilifungua sura ya mwisho moja kwa moja. Nilikuwa na huruma, mwanangu, na nilijiona mwema sana. Nikasoma kwa sauti nzuri. Mpelelezi akawakusanya watu sebuleni, akamnyooshea kidole daktari wa meno, daktari wa meno akakiri. Nikafunga kitabu nikatabasamu. Yule mama wa Nyalenda akageukia ukuta.

"Nyathina," Mwalimu akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Daktari amesema siku ngapi?"

Nikamwambia hajasema kitu.

"Wacha hiyo. Jana tulikuwa sura ya nane, leo muuaji ameshikwa. Mtu mwenye siku nyingi mbele yake hasomewi hivyo."

Uso uliniwaka. Siri ya watu nilikuwa nimeitoa bila kutamka neno. Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akanigombeza bila kupandisha sauti.

"Kufa nilikuwa nashuku hata mimi. Sikugombezi kwa hiyo. Lakini huyu mwandishi amenificha muuaji kurasa zote hizi kwa sababu anaamini nina akili ya kumtafuta. Wewe umenilisha kama mtoto wa uji. Hata kama ni siku tatu, si ni zangu? Ungeniuliza tu, Mwalimu, tusome aje? Ningekujibu."

Akaniagiza nimwite binti yake. Niliwavutia pazia, nikasimama nje nikingoja kufukuzwa chuo. Nilisikia kilio, na baadaye kidogo, sikuamini masikio yangu, kicheko. Binti alitoka macho mekundu, akanieleza kwamba mama yake alikuwa na mengi ya nyumbani ya kumwambia, ila kila mmoja alikuwa akiogopa kumuumiza mwenzake. Hakunisifu, wala sikustahili sifa. Nilikwenda mwenyewe kwa sista nikamweleza nilichofanya, na alichoniambia sitakirudia mbele yako.

Siku iliyofuata Mwalimu alitoa kitabu kingine cha Muungwana ambacho hakuwahi kukisoma. "Ukurasa wa kwanza," akasema. "Tutakapofika, tumefika." Tulifika sura ya tano. Alikuwa akimshuku mpiga kinanda wa kanisa, kwa sababu nne alizonihesabia kwa vidole, na alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi moja nikamkuta binti yake akikunja nguo kando ya kitanda kitupu. Akanipa kile kitabu. Nilikisoma nyumbani sura moja kwa siku, ingawa ningeweza kukimaliza kwa siku mbili. Mpiga kinanda hakuua mtu. Nilicheka sana peke yangu, kisha nikamlilia Mwalimu kama mama yangu mzazi.

Basi nikushauri. Wasome hao watatu, ambao majina yao halisi nitakuandikia sasa hivi, na uache kuchungulia mwisho kwenye simu kama nilivyokuona juzi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba usimwamulie mtu kuwa muda wake umekuwa mfupi mno kwa jambo analolipenda. Awe mgonjwa, awe mzee. Hata mimi hapa naona mmeanza kunifupishia habari mkidhani nimechoka! Huruma ikikutuma umfanyie mtu kitu, muulize kwanza anataka kifanywe vipi, kisha ufanye hivyo hata kama wewe ungependa vingine.

Mungu akupe macho mazuri kwa miaka mingi, na yatakapochoka, akupe mtu wa kukusomea asiyeruka ukurasa hata mmoja. Na siku yako ikifika, mwanangu, ikukute katikati ya kitabu kitamu, ukiwa na uhakika kabisa juu ya mtu ambaye hakuua.