Mbegu ya Sosiani Mia Saba

Singependa kuisimulia hii, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa imeshaisimulia (na kila mtu ameongeza chumvi yake), afadhali mnisikie mwenyewe: ndiyo, mimi ndiye yule msichana aliyeanguka kwenye matope akikumbatia mahindi mbele ya chifu, na hapana, sikuwa nimelewa.

Shamba tuliloachiwa na wazazi ni refu na jembamba kama mshipi, linaanzia barabarani linateremka hadi mto Sosiani. Juu kabisa palikuwa na nyumba ya mama, ile waliyokuja kuichora alama ya X nyekundu ukutani kwa sababu barabara inapanuliwa, tukaambiwa mwisho wa mwezi tuwe tumeshatoka. Katikati, mahindi. Chini, nyasi ndefu, matope, na vyura wanaoimba kuliko kwaya yetu ya kanisani. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini, nikauza mitumba nikawalea wadogo zangu, Kiptoo na Chebet, na nilikuwa nimeapa kwamba hao wawili hawatalala kwa watu hata siku moja. Kwa hiyo nyumba ilikuwa lazima ijengwe, tena upesi, na mahali palipobaki ni huko chini kwa vyura.

Mtauliza, kwa nini hukujenga katikati? Basi nyinyi si watu wa Uasin Gishu. Huku kwetu mtu hakati mahindi ambayo yameshashika. Nimeona jeneza likizungushwa shamba zima, na mjane akilia nyuma yake, ili mistari miwili isikanyagwe. Kujenga juu ya mahindi mabichi hakukunipitia akilini kabisa, kama vile huwezi kufikiria kuchinja ng'ombe anayekamuliwa.

Nikaomba kibali cha kujenga chini. Ofisini wakasema kwa vile ni karibu na mto, atakuja afisa wa mazingira kukagua, na majirani waitwe watoe maoni. Fundi wangu (Mungu amsamehe) akaniambia, "Jeps, wakikuta kinamasi umekwisha. Wakikuta shamba, watapima na kwenda zao."

Hayo maneno yalinikaa. Asubuhi ya ukaguzi nikasimama juu ya mteremko na panga mkononi, nikaangalia mahindi, nikaangalia matope, na nikajiambia: mistari miwili tu. Nikafyeka zile nyasi, nikakata mahindi kutoka katikati, nikayachomeka kwenye matope moja moja, yakasimama wima vizuri kabisa. Shida ni kwamba mistari miwili kwenye kinamasi kizima ilionekana kama meno ya mwisho ya ajuza. Nikaongeza mitatu. Kisha mitano. Kufikia wakati wa chai nilikuwa nimehamisha karibu robo ya shamba, mimi niliyekuwa siwezi kukata mhindi mmoja, na Kiptoo na Chebet wananisaidia huku wamenuna.

"Mbona usipande mpunga?" Kiptoo akaniuliza. "Angalau huo unapenda maji."

"Nyamaza, chomeka huo mwingine hapo."

"Jeps, na huku tulikokata?" Chebet akauliza. Nikatundika kamba na kuanika mablanketi yote ya nyumbani mbele ya lile pengo. Na la mama pia.

Mgeni alikuwa aje mapema, akachelewa, jua likatoka (Agosti nzima mvua, siku hiyo jua!), na mahindi yangu yakaanza kulegeza majani. Hatimaye wakafika: chifu, majirani karibu wote, kwa sababu walikuwa wamesikia kuna soda na mkate, na afisa mwenyewe, mama mmoja mpole aliyevaa gambuti, tuliyemwita Madam. Chifu akaomba mtu atuongoze kwa maombi, tukaombewa, tukateremka.

Madam akasimama. Akaangalia ramani, akaangalia mahindi.

"Hapa si kinamasi?"

"Ramani ni ya zamani, Madam," nikasema. "Sisi hupanda hapa kila mwaka."

Sasa, kosa langu lilikuwa hili. Nilikuwa nimemwandalia afisa mmoja wa mazingira, nikasahau kwamba nyuma yake kuna wakulima wa mahindi ishirini na kitu. Hakuna hata mmoja aliyeangalia mto. Mzee Chumba, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa sababu ya goti lake alikuwa hajateremka huku tangu Pasaka, akawapita wote na fimbo yake akainama.

"Wewe msichana wa Kiplagat," akasema, "mahindi yako yamesimama ndani ya maji."

"Ndiyo, Mzee."

"Na yamezaa."

"Ndiyo, Mzee."

"Mbegu gani hii?"

Hapo ningesema ukweli ningeaibika kidogo tu, nikaenda nyumbani. Lakini mdomo wangu haukuniuliza. "Ni mpya, Mzee. Niliipata kwa rafiki, Kitale. Inaitwa… Sosiani. Sosiani Mia Saba."

Kukawa na kelele! Mama Njeri wa dukani akaniambia ana kipande cha bondeni kule Turbo kinachomzamia kila mwaka, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Mwingine akasema, "Wa kwanza kivipi, na mimi ni jirani?" Wakaanza kusukumana. Wengine wanauliza mbolea. Nikawaambia haihitaji mbolea. (Kwa nini niliongeza hiyo? Hata leo sijui.) Chifu akatoa simu akampigia binamu yake anayefanya kazi ofisi ya kilimo: "Acha hiyo chai, kuja na kamera. Kuna kitu hapa kwangu."

Kisha akanigeukia. "Wakati tunamngoja, wacha tupige yetu. Ingia katikati hapo, msichana wangu, shika mmoja, simama kama mkulima."

Nikaingia. Mguu wa kwanza ukazama hadi kwenye goti. Nikashika mhindi ili nisianguke, nao ukatoka kama kijiti kwenye uji. Nikashika wa pili, ukatoka. Nikakumbatia mitatu kwa mkupuo, yote ikaja nami, nikakaa chini kwenye yale matope taratibu, na sketi yangu ya kanisani, na mzigo wa mahindi kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Chura mmoja akaruka akatua juu ya hindi moja. Akaniangalia.

Mzee Chumba akaokota mhindi mmoja, akaupindua, akaona mahali panga lilipopita, laini kabisa.

"Madam," akasema kwa utulivu, "hii mbegu haina mizizi."

Na kama vile ilikuwa ikingojea hayo maneno, ile mingine ikaanza kulala, mmoja ukiegemea mwenzake, mstari mzima, polepole, hadi mtoni. Nilimsikia chifu kwenye simu: "Hapana, usije. Nimesema usije. Rudi kwa chai yako."

Wakacheka mpaka Mama Njeri akakaa chini. Kiptoo, damu yangu mwenyewe, alicheka kuliko wote. Mimi nikalia. Si kwa sababu ya matope, bali kwa kuwa niliona ile X nyekundu, na nikajua nimewapotezea hawa watoto nyumba kwa ujinga wangu.

Madam hakucheka sana. Akanivuta kwa mkono, akaniuliza, "Uliyakata wapi?"

Nikanyoosha kidole. Akapanda mteremko, sote nyuma yake, akasogeza blanketi la mama kwa heshima kama pazia la mlango, na mbele yetu pakawa peupe, pakavu, mashina yamebaki chini. Akatoa utepe akapima kuelekea mtoni. Akapima kuelekea barabarani.

"Kule chini sitakupa kibali hata ukipanda mnazi. Lakini hapa panafaa kabisa. Kwa nini hukuomba hapa?"

"Kulikuwa na mahindi, Madam."

"Sasa yako wapi?"

Majirani wakatoa maoni yao papo hapo: wote wameunga mkono. Chebet akawasha moto, tukachoma ile Sosiani Mia Saba yote, maana hakukuwa na lingine la kufanya, na soda ikatosha.

Nyumba iko. Vyumba vitatu, mabati mapya, na Kiptoo ameng'ang'ania chumba chake kiangalie vyura. Nimeapa mambo mawili: nikienda tena ofisini nitaomba kwa kile nilicho nacho, kilivyo, na sitampa tena mtu jina la kitu ambacho hakipo. Lakini msimu wa kupanda ukifika, Mzee Chumba hunisimamisha barabarani, mbele ya watu, ameegemea fimbo yake, uso mkavu kabisa.

"Msichana wa Kiplagat, ile mbegu imefika?"

"Imekwisha, Mzee," namjibu. "Tulijenga nyumba juu yake."