Boma Ambalo Dan Halimi

Niliondoka kijijini kwetu Kimulot kwa sababu moja. Binti yangu Chebet, ambaye ni nesi huko Ayalandi, alipiga simu akasema kijana wa huko anataka kumuoa, na anangoja jibu langu. Kwa desturi yetu watu wa kijana ndio huja. Wazee wenzangu pale sokoni wakanicheka. Mmoja akaniuliza, "Arap Rono, siku hizi baba wa msichana ndiye anapeleka posa?" Nikamwambia hata ndama simtoi kabla sijaona boma atakaloingia. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hilo halifundishwi shuleni.

Uwanja wa ndege Nairobi, askari alisema kibuyu changu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, hakipiti. Kumwaga maziwa siwezi. Niliketi kando nikayanywa yote, nikapita nayo tumboni.

Kule niliposhuka, Chebet alikuja na kijana mwenyewe, Kieran, mrefu, masikio mekundu kwa baridi. Tulisafiri kwa gari lake mpaka kijijini. Mvua ni nyembamba, haikatiki, na nchi ni kijani kama kwetu, ila hakuna mashamba ya chai, ni nyasi na ng'ombe tu. Kijiji hakifiki nusu ya mji wetu wa Kapkatet: kanisa moja, duka moja, baa mbili.

Baba yake Kieran anaitwa Dan, mfugaji kama mimi. Wao huchemsha maji peke yake, wanayamwaga juu ya majani ya chai, halafu wanaongeza maziwa baridi. Nilisema wazi hiyo si chai. Chebet aliona haya kutafsiri, lakini Dan alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya pili Dan alitutembeza. Kwanza mnara wa mawe wa watawa wa zamani, mlango wake uko juu; adui akija walipanda, wakavuta ngazi. Halafu nyumba za mawe mlimani, hazina paa. Dan alisema viazi vilioza, watu wakafa njaa, na walioshindwa kulipa kodi wakafukuzwa na mwenye ardhi. Nilisimama hapo. Babu yangu alihamishwa ili chai ya mzungu ipandwe. Mimi nilidhani wazungu wote ni ukoo wa waliofukuza.

Mwisho tulifika shambani kwake. Katikati kuna tuta la udongo la mviringo, limeota miti ya miiba.

"Hili ni boma la ng'ombe," nikasema.

Dan alikubali, la watu wa kale, ingawa wengine husema ni la mizimu. Trekta yake hulizunguka. Nikamuuliza kwa nini halimi, na udongo ni mzuri hivyo.

"Si langu," akasema.

Upande wa juu wa shamba langu kuna shimo la Wasirikwa, watu waliokaa kwetu kabla yetu, walipofunga ng'ombe wao zamani. Baba yangu alilizunguka akilima, nami nalizunguka. Basi jibu langu nikalipata. Niliingia ndani ya lile boma, nikang'oa nyasi, nikampa Dan. Akarudi nyuma, mikono mfukoni, akamwambia Chebet:

"Mwambie baba yako azirudishe. Humo hatung'oi kitu."

Kwetu nyasi hutolewa kwa amani na baraka; anayezikataa amekataa amani. Damu ilinipanda. Chebet akanishika mkono, akasema polepole, "Baba, hakukatai wewe. Anaheshimu boma."

Nikazirudisha, nikatoka mpaka langoni, nikang'oa nyingine pale ng'ombe wake wanapokanyaga. Dan akapokea kwa mikono miwili, hajui anapokea nini. Chebet alijua. Alianza kulia, na Kieran akawa anamuuliza kuna nini.

Nimerudi Kimulot. Wale wazee wameniuliza hao ni watu gani. Nimewaambia chai hawajui, lakini wanajua kisicho chao, na binti yangu anaingia hapo kwa ruhusa yangu. Dan na jamaa zake wanakuja Disemba kuposa, kama inavyotakiwa. Chai nitawapikia mimi. Lakini kabla ya chai nitampandisha Dan mpaka kwenye lile shimo, aone kwamba nami sijalilima.