Waliokuja Kutembezwa Mto Ruvu

Harufu ya makaa ya mawe ilitufikia kabla ya mlio wa mashua. Ilipita juu ya mikoko, ikafunika harufu ya tope na ya mpunga ulioanza kuiva, nasi watoto wa kivukoni tukakimbilia ukingoni. Msimu ule, kabla vita vya Wajerumani na Waingereza havijafika Bagamoyo, Wazungu walikuwa wakija kutembezwa mtoni kwa mashua ya moshi. Walikaa chini ya turubai, wakala, wakatazama miti. Baba aliajiriwa kuwaonyesha maji yenye kina. Asubuhi ile mama alimtania, "Leo mume wangu nahodha wa moshi. Ukirudi usijidai umesahau kupiga kafi." Baba akacheka.

Jioni alirudi amenuna. Mgeni mmoja alikuwa amempiga kiboko risasi ya shavu, kiboko akazama. Baba aliwasihi wangoje aibuke wammalize, maana kiboko mwenye jeraha haachi mtumbwi upite. Mkalimani wao, kijana wa mjini, akamjibu, "Umeletwa kuonyesha njia, mzee, si kupanga safari. Chakula chao kinapoa." Mashua ikaendelea.

Siku ya kwanza baba alikataza mtu yeyote wa nyumbani asivuke. Shamba letu lilikuwa ng'ambo, na kutoka ukingoni tuliwaona ndege wakitua juu ya chakula chetu cha mwaka mzima. Kesho yake mama alisema, "Kiboko ataua mmoja. Njaa itatumaliza sote," akaingia mtumbwini. Nilikuwa nimesimama palepale, mdogo wangu mgongoni. Niliona mtumbwi ukiinuliwa kutoka chini. Sijui kama mama alipiga kelele. Nilikuwa nikipiga zangu.

Tulimpata jioni kwenye mikoko, tukamzika. Tungali matangani mkalimani akaja, akavua viatu, akatupa pole kwa adabu. Kisha akamwambia baba kwamba kiboko amekufa na anaelea, na bwana wake, yule aliyempiga risasi, anataka kichwa akakitundike kwao. Nani atawaonyesha mahali?

"Umemwambia yaliyotupata?" baba aliuliza.

"Nimemwambia. Amesikitika sana. Lakini meli yake inaondoka kesho."

Baba akageukia ukuta. Mtu mwingine akawapeleka, na kichwa kikapitishwa mbele ya nyumba yetu, wapagazi wakiimba.

Sasa mimi ni bibi. Mashua za matembezi bado hupanda mto, siku hizi kwa injini ya mafuta, na wageni husifu uzuri wa mahali. Watu wema hunifariji kwamba mto ndio uliomchukua mama. Sikubali. Mama alivuka pale tangu alipoolewa; viboko walikuwa na njia zao, nasi tulikuwa na zetu. Kichwa kile, kama hakijaoza, kiko ukutani kwa mtu, na huenda wajukuu wake huambiwa kwamba mnyama yule alikuwa mkali. Hakuwa mkali. Alijeruhiwa na watu waliokuja kustarehe, wakatuachia sisi.