Sumni ya Sungura Aliyekatwa Masikio

Yupo mtu mmoja mjini Mbeya ambaye niliapa kutokufa kabla sijamlipiza. Mjukuu wangu, anayeniandikia maneno haya kwa kuwa mimi kalamu sikuishika, aliniomba nilainishe mwanzo huu. Nimekataa.

Mama yangu aliponiaga kwetu Iringa nije kuolewa Rujewa, huku Usangu, hakuwa na ng'ombe wala godoro la kunipa. Alinifungia kwenye pindo la kanga sumni moja ya zamani, senti hamsini ile yenye sungura, akasema mwanamke hafiki ugenini na pindo tupu. Sumni ile ilizaliwa na kilema. Sungura alikuwa amesogea mpaka ukingoni, masikio yake yamekatwa, na upande wa pili pamebaki ukanda mtupu kama mwezi mwandamo. Mama aliipata kwenye chenji ya chumvi, na aliporudi nayo dukani muuzaji akaikataa. Kwa kushikwa na mikono yake na kisha yangu, ilikuwa imepata rangi ya kahawia, kama chai iliyolala kikombeni.

Mama alipofariki nilikwenda kumzika. Kwetu Wahehe, Mngoni ni mtani, na msibani mtani ana ruhusa kubwa: hujilaza mahali pa jeneza, humwigiza marehemu, humnyang'anya mfiwa kitu chake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mazishi yakiisha, mfiwa hukikomboa kitu kile kwa kuku, watu wakacheka, huzuni ikapungua. Ndiyo maana mtani mmoja, mwenye meza ya kununua hela za kale karibu na soko huko Mbeya, alipolifungua pindo langu huku nikilia, sikumzuia. Nami nilicheka ndani ya machozi.

Jioni nilimpelekea jogoo. Alimpokea, akamchinja, akamla pamoja na wenzake. Nilipomwomba sumni yangu, alikuwa ameishikilia chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Dada, hii hairudi," alisema. "Hii imekosewa kiwandani, na hela yenye kosa hununuliwa ghali. Chuma cha kugonga alama kiliposhuka, kipande cha hela hakikukaa sawa."

"Nimekomboa, mtani. Kuku umemla."

"Kuku alikuwa mtamu, nashukuru." Kisha akawageukia vijana waliokuwa wakimsikiliza, akawafundisha kwa fahari: "Akija mtu na hela yenye rangi ya ajabu, msikimbilie kununua. Rangi hudanganya. Udongo hubadili rangi, moto hubadili, dawa hubadili. Ila alama ikigongwa kombo, hiyo haighushiki."

Wazee wa ukoo waliinamisha vichwa. Kumgombeza mtani msibani ni aibu, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko wote. Hivyo aliondoka na kitu cha mama yangu akiwa amejifunika mila yetu wenyewe. Miaka ikapita. Nilipanda mpunga, nilivuna, nilifiwa na mume, na katika yote hayo sikumsahau hata siku moja.

Mwanangu wa mwisho alikwenda Chunya kuchimba dhahabu. Aliporudi kunisalimia, alitoa mfukoni sarafu ya shilingi mia, moja ya zile za njano zenye swala wanaokimbia. Hii ilikuwa nyeupe, inang'aa kama kijiko kipya.

"Mama, usiishike," alisema. "Imeguswa na zebaki, ile tunayokamatia dhahabu. Ni sumu. Naitupa."

Nilimzuia. Niliifunga ndani ya nailoni, nikapanda gari pale Igawa, nikaenda Mbeya.

Nilimkuta mtani mezani kwake, amenenepa, wateja wamemzunguka na mama lishe jirani yake akipakua wali. Sumni yangu ilikuwa chini ya kioo cha meza, juu ya kitambaa chekundu.

"Wahehe!" alinipokea. "Huko Usangu bado mnakula mbwa?"

"Tunakula. Tumebakiza wa Kingoni, tunasubiri anenepe. Naona yuko tayari."

Watu walicheka. Nilifungua nailoni, nikaweka shilingi mia mezani. "Mwanangu mchimbaji ameipata Chunya," nilisema, na kila neno lilikuwa kweli.

Aliipeleka kwenye kioo chake cha kukuzia. Aliigeuza huku na huku. Hakuuliza wachimbaji wa Chunya wanatumia nini kazini. Masikio yake yalikwisha kuzibwa na tamaa. Aliwanong'oneza wateja kwamba hii iligongwa kwa madini ya hela nyingine. Akaanza kunitajia bei.

"Fedha sitaki," nilisema. "Nipe ile ya sungura."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemnyang'anya mtoto pipi. Akafungua kioo cha meza, akanipa. Niliifunga kwenye pindo kwanza, mafundo mawili, ndipo nikasimama.

"Sasa ipashe moto, mtani. Zebaki itatoka, nayo itarudi kuwa ya njano. Ila usivute moshi wake." Nilimwonya kwa sababu nilitaka aishi muda mrefu na aibu ile.

Alijaribu kunishika kanga. Mama lishe akapaza sauti kutoka kwenye sufuria zake, "Mtani hakasiriki, baba. Kaa ule." Wateja wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Yeye akatabasamu kwa meno tu, kwa kuwa mila haikumwachia njia nyingine.

Nilifungua pindo nilipofika nyumbani, kwenye mwanga wa mlangoni. Sungura alikuwepo na kilema chake, lakini alikuwa anameremeta. Yule mtu alikuwa ameisugua kwa dawa ili iwavutie wanunuzi. Ile kahawia ya mikono ya mama yangu haikuwepo tena, wala hakuna jogoo wa kuirudisha. Nimeishika kila siku tangu hapo, nimeipaka mafuta, nimeikalisha kwenye moshi wa jikoni. Inapata weusi, lakini ni weusi wa jiko langu.

Amekwisha kunitumia salamu kwamba utani huu uishe, tuwe ndugu. Nimemjibu kwamba ndugu ninao wa kutosha, na kwamba siku ya msiba wake nitafika mapema.