Siku Baba Aliposhindwa Swali la Kwanza

Enzi zetu kipaimara kilikuwa miaka miwili, na kilisomwa kwa miguu. Jumamosi asubuhi tulitoka Maisaka uji wa ulezi ukiwa bado wa moto tumboni, tukipiga chandimu njia nzima kwa mpira wa mifuko, hadi kwenye kanisa lililokuwa na bati upande mmoja na turubai upande wa pili. Mvua ikipiga bati hatukusikiana. Mwalimu alinyamaza mpaka ipite, nasi tukanyamaza naye. Watoto wa leo, mtandao ukikatika dakika mbili, wanahisi wameonewa.

Mwalimu wetu alikuwa Mwinjilisti Yotham, Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu, mrefu, mwenye koti moja na Kiswahili kizito. Hakuwa na haraka hata kidogo. Miezi mitatu ya kwanza alitufundisha swali moja tu: dunia hii ina mwenyewe? Tulijibu kwa pamoja, tukivuta sauti kama wimbo: inaye, na si mimi.

Alisema anayeruka swali hilo anaweza kukariri Biblia nzima na bado asijue asimame wapi. Alikataza kabisa kujibu "kwa sababu mwalimu kasema." Kila jambo lilirudishwa chini mpaka kwenye swali lile. Kwa nini usimcheke kiwete wa sokoni? Kwa sababu ana aliyemuumba, na unaicheka kazi yake. Kwa nini jembe lipumzike Jumapili? Kwa sababu mahindi hayaoti kwa mikono yako peke yake. Hassani, mtoto wa mwenye duka, Mwislamu, alizoea kutusubiri dirishani tumalize tukacheze. Siku moja alijibu kabla yetu. Mwalimu akatuambia tumtazame vizuri, angalau yeye anajua pa kuanzia.

Tuliupeleka mchezo huo nyumbani. Nilimuuliza mama kwa nini nioshe vyombo mimi kila siku. "Dunia ina mwenyewe," alisema, "na hivyo vyombo vina mwenyewe, ni mimi. Osha."

Baba hakuulizwa upesi, kwa sababu baba alikuwa na jambo lake. Shamba letu la mahindi na mbaazi lilikuwa Mutuka, limepakana na la mjane mmoja, Mama Paulina. Mpaka ulikuwa mstari wa mikonge. Mwaka ule mvua zilikuwa mbaya, na Mama Paulina alikwenda Kondoa kumuuguza mama yake, akakaa huko mwezi mzima. Baba aliing'oa ile mikonge na kuipanda upya hatua tatu ndani ya shamba la yule mjane. Nilijua vizuri, maana mimi ndiye niliyemshikia miche. Mama Paulina aliporudi alisimama pale mpakani kwa muda mrefu, akatusalimu, akaenda kulima kilichobaki. Mjane hana wa kumsemea, na baba alilijua hilo.

Siku moja tulipokuwa tukichuma mbaazi nilimuuliza kama ardhi hii ina mwenyewe. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu wako anaanzia mbinguni, Daudi. Mimi naanzia tumboni mwenu. Chuma mbaazi."

Nilimweleza Mwinjilisti Yotham maneno hayo bila kutaja jina. Hakuuliza ni nani. Alisema kila mtu anaanzia mahali, tungoje tuone patamfikisha wapi.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na desturi. Siku ya kipaimara kila mtoto alisimama mbele na mzazi wake, na mzazi ndiye aliyeulizwa swali la kwanza, lile la mwenye dunia, ili mtoto asianze safari peke yake. Wazazi walilingoja kwa raha, kwa kuwa jibu lilikuwa jepesi na lilisemwa kwa sauti kubwa. Baba alivaa suti yake ya harusi, mikono imekuwa mifupi. Mama Paulina alikuwa benchi la tatu, amevaa kitenge cha kwaya.

Mchungaji akauliza. Baba akafungua mdomo. Nilisikia pumzi yake ikiingia, sikuisikia ikitoka na neno. Mchungaji akarudia taratibu, akidhani hakusikia. Mzee mmoja nyuma akanong'ona, "Sema basi, Baba Daudi, si unalijua?" Mama alikuwa anatazama sakafu. Baba akaniwekea mkono begani, akauondoa, akatoka kwa mlango wa kati mbele ya watu wote.

Mama alikuja kusimama mahali pake, akajibu yeye. Nilibarikiwa huku nalia kwa aibu. Nyumbani kulikuwa na wali na kuku, wageni wakila na kuulizana kwa macho. Mama alikuwa akirudia tu, "Kuleni, atakuja."

Alikuja alasiri. Suruali ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini, na miiba ya mikonge ilikuwa imechana mkono mmoja wa koti. Alipita katikati ya wageni mpaka kwa Mama Paulina, aliyekuwa bado ameshika sahani.

"Mama Paulina, mpaka nimeurudisha ulipokuwa. Mikonge mingine itakufa, nimeing'oa vibaya."

Yule mama aliitazama suti ile kuanzia chini mpaka juu. "Ungevua koti kwanza, Baba Daudi," alisema. Watu wakacheka, baba naye akacheka, kisha akaomba maji ya kunywa. Mpaka anakufa hakuwahi kulijibu lile swali mbele ya kanisa, na hakuna aliyemuuliza tena.

Mimi baada ya kidato cha nne niliondoka Babati, na sijui vizuri nilikuwa nakimbilia nini. Mirerani, Arusha, Kahama, Tunduma. Kila mji niliingia kanisani, na kila nilipoulizwa nilijibu kwa sauti, mikono juu. Lakini nje ya kanisa nilianzia kwingine. Nimeanzia fursa, nimeanzia hasira, nimeanzia maneno ya mhubiri fulani wa redioni. Kila pahali palinifikisha stendi nyingine. Nimechoka, na si miguu peke yake.

Sasa nimerudi, na Mutuka siku hizi mikonge imepisha mawe ya wapima ardhi. Vijana wana majibu ya kila kitu kiganjani, yanafika kabla swali halijaisha. Ukiwauliza wanaanzia wapi wanakuambia, "Mzee, unachosha."

Binti yangu Rehema amelelewa na bibi yake pale Singe miaka yote niliyokuwa natangatanga. Jumapili ijayo anapata kipaimara, na desturi ile bado ipo. Mwalimu wao ametuma swali kwenye simu za wazazi pamoja na jibu lake, ili tusiwacheleweshe watu. Leo mchana Rehema aliniona nimelikodolea swali lile kwenye simu, akadhani nimesahau jibu.

"Ni sentensi moja tu, Baba. Nimekuandikia hapa."

Akanipa karatasi. Kweli ni fupi, na mwandiko wake ni mzuri. Enzi zetu baba yangu aliitafuta sentensi hiyo kwa jembe, akakosa chakula cha mchana. Mimi nimeisoma mara kumi na bado sijapata sauti ya kuisemea.