Gari la Mkunga

Baba yao alipofariki, gereji ilikwenda kwa mtoto wa kiume, ingawa aliyelala chini ya magari pamoja na mzee kwa miaka kumi na tisa ni dada yake mkubwa. Wajomba walikaa kikao, wakasema mwanamke harithi gereji. Hakulia, hakuomba. Alikusanya spana zake, akavuka barabara, akakodi kibanda cha mabati. Wateja wakamwita Dada Chuma.

Mwaka wa kumi na moja wa kibanda hicho, mkunga mstaafu alimletea gari kuukuu alilonunua na marehemu mumewe wakiwa wachumba. Kila akikanyaga breki, mbele kulikuwa kukigonga, ko! Na matairi ya mbele yalikuwa yakilika upande wa ndani, jozi mbili kwa mwaka.

"Mdogo wako hapo ng'ambo kabadilisha shokapu, kabadilisha tairi," mkunga alisema. "Mashine yake ya vipimo inasema magurudumu yamenyooka. Sasa ananiambia niliuze kama chuma chakavu."

"Liuzwe? Ng'o! Lete funguo, mama."

Alipitisha kiganja juu ya tairi: kwenda laini, kurudi kukali kama msumeno. Tairi halikuwa likibingirika tu; lilikuwa likiburuzwa. Akapiga jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, kulia na kushoto. Kimya. Halikuwa limelegea.

Mdogo wake alikuwa ameshavuka barabara, shati jeupe, mikono mfukoni. "Dada, umri huu bado unatambaa? Funga kibanda, upumzike."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeanza lini kuogopa vumbi?"

Alilishusha gari, maana kuna ubovu unaojificha gurudumu likining'inia. Akamwambia mkunga alisogeze polepole kisha akanyage breki, naye akalala kando, shavu chini. Ko! Akauona: mkono wa chini unaoshika gurudumu ulirudi nyuma upana wa kidole. Bushi yake, ule mpira unaoushikilia usichezecheze, ilikuwa imekauka na kupasuka. Kila breki, gurudumu liligeukia nje na tairi likaliwa. Mashine hupima gari limesimama; ingeonaje?

"Njoo uangalie," alimwambia mdogo wake.

"Nitachafua shati."

"Basi usiniambie nipumzike."

Watu waliokuwa wamesogea kutazama wakacheka. Mdogo wake akalala chini, akaangalia, akainuka akipangusa shati.

Bushi za gari lile hazikuuzwa tena. Dada Chuma alitafuta za gari jingine zenye unene uleule, akazichonga zikaingia, na nati akazikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili mpira usijipinde. Kisha akaliendesha hadi gereji ya baba yake, kwenye mashine. Hakuwa amekanyaga pale tangu kile kikao.

"Rudi, dada," mdogo wake alisema wakisubiri vipimo. "Nitakufanya fundi mkuu."

"Chini ya nani?"

Mdogo wake akageukia kioo cha mashine.

"Andika jina langu mlangoni, sawa na lako. Hapo tutaongea."

"Wajomba watasemaje?"

"Waje waseme wakiwa wamelala chini ya gari."

Hakuliandika. Vipimo vilipotoka sawa, Dada Chuma alilipa gharama yake kama mteja yeyote, akamkabidhi mkunga gari lake, likaondoka kimya juu ya matuta yote ya mtaa ule. Mwezi uliofuata alimwaga saruji kwenye sakafu ya kibanda, na mlangoni akapaka rangi jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara.